Umande wa Mwezi wa Nane

Mwaka ule nyumba ya Mayala pale Ngulyati ilikuwa huwezi kuingia wima. Mlango ulikuwa mrefu wa kutosha, kilichokuwa kinainamisha watu ni pamba. Ilijaa chumba cha nyuma, ikajaa sebule, ikapanda mpaka kwenye kitanda cha wenye nyumba, na ile iliyokosa pa kwenda ikawa imelala mlangoni kama mbwa mzee. Philomena, mke wa Mayala, alikuwa anapikia nje kwa kuogopa cheche. Luhende, kijana wao, alikuwa analala juu kabisa ya lundo, pua yake na bati zinakaribia kusalimiana, na asubuhi akishuka unamkuta ana mvi mpaka kwenye nyusi. Kijana mzima anayetafuta mke, ana mvi za pamba.

Na usifikiri walikosa mnunuzi. Ndio ile miaka biashara ilipofunguliwa, kila mtu ruksa. Zamani pamba ilikuwa na mlango mmoja, ushirika. Unapeleka, unapewa karatasi, unarudi nyumbani kungoja, na kungoja nako ukikuzoea unakuwa kama kilimo kingine. Sasa malori yakawa yanakuja yenyewe mpaka kijijini, rangi tofautitofauti, yanapiga honi kama yanapeleka harusi, na hela mkononi. Watu waliuza. Wakanunua redio, wakanunua baiskeli, na mmoja alinunua miwani ya jua akaingia nayo kanisani, akajigonga kwenye benchi la kina mama mbele ya mchungaji. Mayala peke yake ndiye alikuwa bado.

"Wakati wa Bwana haujafika," alikuwa anasema.

Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwema kabisa, hilo siwafichi. Sauti nzito, mikono mikubwa, na akisimama kuomba, watoto wanalala usingizi, wanaamka, wanamkuta bado yuko kwenye wagonjwa, hajafika kwa wasafiri. Wala mjinga hakuwa. Lori la kwanza lilipokuja msimu ule, la watu ambao hata majina yao hatukuyashika, Mayala aliomba, akatoka akasema moyo wake haujatulia. Watu wakamcheka. Wale jamaa wakabeba pamba za watu, wakaacha vikaratasi vina mhuri, wakasema keshokutwa tunaleta hela. Mpaka leo ninavyosimulia, keshokutwa yao haijafika. Basi Mayala akawa nabii. Watu wakawa wanampisha njiani.

Na hapo ndipo alipoharibikia. Mtu akipatia mara moja, nyie, huyo ni mgumu kuliko aliyekosea mara kumi. Likaja lori la pili, zuri, likalipa watu palepale. Mayala akasema moyo haujatulia. La tatu, haujatulia. Mimi nadhani ule moyo ulishaonja utamu wa kutotulia.

Sasa, anayeumia ni Luhende.

Luhende alikuwa amemposa Generoza, binti wa mzee Mboje wa Mwanhuzi, kule kwenye nchi ya ng'ombe. Binti alikuja Ngulyati kumsalimia shangazi yake, mama Justina, na kusema kweli wa kwanza kumpenda alikuwa Philomena. Alimwona anatoka mtoni na ndoo kichwani, hajaishika, huku anacheka na wenzake, na tone halimwagiki. Na mto wenyewe kiangazi si mto, ni mchanga. Mnafukua shimo, mnangoja maji yajikusanye, mnachota kwa kibuyu, halafu mnapanda ule mlima. Mgongo wa Philomena ulikuwa umeshaanza kusema. Aliporudi nyumbani alimwambia mwanae, "Kuna msichana kule kwa kina Justina. Nenda kaombe moto." Luhende akasema moto tunao. Philomena akaumwagia maji. "Sasa hatuna. Nenda."

Mahari walishakubaliana. Pamba ikiuzwa, Mayala ananunua ng'ombe, anawapeleka kwa Mboje, binti anakuja. Mambo yote yalikuwa yamepangana vizuri kama vyungu, na cha chini kabisa kilikuwa pamba.

Basi siku moja mshenga akafika, Athanasi, na baiskeli yake, amevaa suruali nyeusi ya kanisani.

"Mwadila, mayu," alimsalimia Philomena.

"Mwadila, baba. Karibu kiti," Philomena akasema, halafu akakumbuka kiti kimezikwa chini ya pamba tangu mwezi wa sita. "Kaa tu hapo juu. Panazama kidogo mwanzoni, baadaye panatulia."

Athanasi akakaa, akazama, magoti yakaja karibu na masikio. Akajaribu kuendelea na heshima yake hivyohivyo.

"Mzee Mayala, mzee Mboje anakusalimia sana. Anauliza, wale ng'ombe wanakuja kwa miguu, au wanangoja waote mabawa?"

"Mwambie wanakuja kwa wakati wa Bwana."

"Ndivyo nilivyomwambia mara ya kwanza. Na mara ya pili. Safari hii kasema nikuulize ni bwana yupi. Maana kuna bwana mmoja palepale Mwanhuzi, alifiwa na mke, zizi lake limejaa. Huyo wakati wake umefika. Kila siku anapita kwa Mboje kusalimia, anasalimia mpaka kuku."

Luhende alikuwa nyuma ya mlango anatafuna michembe, vile viazi vya kukausha. Akaacha kutafuna.

"Mpaka lini?" Philomena akauliza.

"Jumapili ya mavuno. Kengele ya kanisa ikipigwa mzee hajaona mkia wa ng'ombe, anampokea yule mwingine. Kasema yeye naye anamwamini Mungu, ila binti aote mvi hataki."

Luhende akashindwa kuvumilia. Si desturi mwoaji kudandia maneno ya washenga, lakini akatoa kichwa. "Na Generoza mwenyewe kasemaje?"

"Generoza kasema umekaa juu ya hiyo pamba muda mrefu kuliko kuku juu ya mayai. Na kuku angalau anatotoa."

Mayala akasema Bwana hachelewi wala hawahi. Athanasi akasema ni kweli, mzee, lakini Mboje anawahi. Wakamvuta kutoka kwenye pamba, mtu mkono huu mtu mkono ule, akapanda baiskeli akaondoka, nyuma yote nyeupe, kama kuku wa kizungu. Hakuna aliyemwambia. Alipita gulioni hivyo, akapita mnadani hivyo, akafika Mwanhuzi hivyo. Mzee Mboje alimzungusha, akaangalia ile suruali, akatikisa kichwa.

"Kumbe pamba ipo," akasema. "Basi kinachokosekana ni akili."

Siku chache baadaye akaja Hamimu. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Bariadi mjini, Mwislamu, mwembamba, kofia yake safi hata kwenye vumbi. Alianza kwa kuuza mafuta ya taa, sasa ananunua pamba, na watu walikuwa wanamjua mpaka nyumba anayolala. Akiahidi kesho, inakuwa kesho. Lori lake likaegesha gulioni, kwenye banda la kununulia, mizani ikafungwa, na yeye mwenyewe akapanda kwa miguu mpaka kwa Mayala, maana habari za Mayala zilikuwa zimeshafika mjini.

"Hodi, mzee wangu. Nimeambiwa kuna mtu hapa ana pamba safi kabisa, ila anailea kama mtoto."

"Karibu. Wewe Hamimu unamcha Mungu?"

"Namcha, mzee wangu. Swala tano."

"Basi mambo ya wakati wake unayajua."

"Nayajua. Sisi tunasema inshallah. Lakini lori halijui inshallah, linajua dizeli. Ijumaa asubuhi namalizia kupakia, niwahi swala mjini. Na kiwandani kumeanza kujaa, sidhani kama nitarudi huku tena msimu huu." Akachukua pamba kidogo, akaivuta kati ya vidole, akaguna kama mtu aliyeonja asali. "Nani kachambua hii? Hamna jani hata moja."

"Mama Luhende."

"Basi mpe huyo mama nafasi ya kulala kitandani, mzee wangu. Mimi niko pale chini."

Alipoondoka tu, Philomena akaweka mwiko chini. Hakuwa mtu wa kelele. Kwao walikuwa Wakatoliki, alipoolewa akahamia kanisa la mumewe, lakini mkono wake ukishtuka bado unafanya ishara ya msalaba wenyewe.

"Baba Luhende. Bwana akitaka kukuambia uuze, afanyeje? Kakuletea lori. Kakuletea mtu anayelipa. Kakuletea mkwe. Mvua kaizuia. Unataka aje abebe na gunia?"

"Nataka ishara."

"Ishara gani sasa?"

Mayala akafungua Biblia, akatembeza kidole. Akawasomea habari za Gideoni, yule aliyetaka kujua kama Mungu yuko pamoja naye, akalaza ngozi ya kondoo nje usiku. Asubuhi ngozi imelowa umande na ardhi yote kavu, akajua ni Mungu. Mayala akafunga kitabu.

"Nami nitafanya hivyo. Kesho kukicha, ikilowa nauza."

"Ngozi ya kondoo unayo?" Luhende akauliza. Ilikuwepo moja, mbwa aliila Pasaka.

"Nitaweka pamba. Kondoo na pamba vyote vyeupe, vyote vinatoa nyuzi. Bwana ataelewa."

"Baba Luhende," Philomena akasema polepole, "huu mwezi wa nane. Umande? Hapa? Vyura wenyewe wamehama."

"Ndiyo maana itakuwa ishara."

Basi. Akatandika mkeka uani, akamwaga pamba nyingi, akawaombea wagonjwa na wasafiri, akaingia kulala. Philomena aliangalia mtungi wa maji. Luhende naye aliangalia mtungi wa maji. Ila hawakuangaliana.

Asubuhi ya Alhamisi sisi majirani tuliamshwa na wimbo. Mayala alikuwa amesimama uani, bakuli mkononi, anaimba kwa ile sauti yake mpaka mbuzi wanavuta kamba. Kwenye mkeka pamba ilikuwa imelowa chapachapa. Imelala chini kama kitu kilichopigwa. Ardhi pembeni kavu, vumbi tupu. Akaishika pamba, akaikamua, maji yakashuka kwenye bakuli mpaka likajaa, na mengine yakabaki.

"Bakuli tele," akasema, machozi yanamtoka. "Kama Gideoni. Bakuli tele."

Watu wakaanza kuja. Habari ya namna hiyo pale kwetu haihitaji baiskeli. Mama Justina akaja na macho yake yaliyokuwa yanamwasha, akaomba tone, akajipaka, akakaa chini kungoja. Mzee mmoja akachovya kidole akaonja.

"Yana ladha ya mtoni," akasema.

"Mito yote ni ya Bwana," Mayala akamjibu, na watu wakasema amina.

Luhende alikuwa tayari ana gunia begani. "Baba, tubebe sasa?"

"Ngoja kwanza."

"Ngoja nini, baba? Si imelowa?"

"Gideoni aliomba mara mbili." Mayala akainua kidole ili kila mtu asikie. "Usiku wa pili aliomba kinyume. Ngozi ibaki kavu, ardhi yote ilowe. Kesho asubuhi mje wote. Uwanja huu wote, kuanzia kwenye zizi mpaka kwenye choo."

Philomena akajishika mgongo.

Wakati watu wanatawanyika, Mayala akaichukua ile pamba iliyolowa, akaisindilia katikati ya gunia moja, akalifunga. "Hii ni ya baraka," akasema. "Itatangulia mizanini." Nyie mnaojua pamba mnajua alichofanya. Yeye alikuwa kwenye furaha, hakujua.

Mama na mwana wakakutana nyuma ya jiko.

"Mayu," Luhende akanong'ona, "nisamehe. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilitia maji. Jogoo alipowika nilitoka na kata."

Philomena akamkazia macho. "Ulitia lini? Mimi nilitia kabla ya jogoo. Ndoo nzima."

"Kumbe wewe? Mimi nilipofika nikaigusa nikakuta imelowa. Nikashtuka, nikasema, hee, umande wa kweli huu. Nikaona niongezee kidogo, baba asije akasema ni mdogo."

Philomena alicheka mpaka akakaa chini. Akacheka akashika mgongo, akaumia, akacheka tena. Halafu mkono ukashtuka, ukafanya ishara ya msalaba.

"Umemwona mama Justina?" akasema. "Amekaa pale uani mpaka sasa, anangoja macho yapone. Kwa maji yangu ya kuoshea vyombo."

Luhende akachungulia uani.

"Wakati namwaga niliona namsaidia Mungu. Nikasema Yeye ana mambo mengi, ngoja nimsogezee hili. Sasa watu wanajipaka."

"Na kesho, mayu? Kuanzia zizini mpaka chooni? Hata tukichota mpaka jua litoke hatumalizi."

"Mimi sichoti."

"Mayu. Lori linaondoka kesho. Generoza..."

"Namtaka Generoza kuliko wewe, usinifundishe. Lakini sichoti. Akitaka uwanja ulowe, mawingu ni yake. Nenda kalale."

Luhende alilala nusu. Alfajiri aliteremka mtoni na ndoo moja, akapanda nayo, akaimwaga karibu na zizi. Sasa ardhi ya kwetu mwezi wa nane haina adabu, inakunywa hata mate. Ile ndoo ilizama ikatoa mlio tu. Akaangalia uwanja ulivyo mpana, akaangalia ndoo, akarudi kwenye lundo lake.

Ijumaa kijiji kizima kilikuwa pale. Walikuja na watoto, wengine na vikombe. Mayala akatoka amevaa koti. Pamba kwenye mkeka kavu, nyeupe, imechangamka. Watu wakasema amina. Halafu wakaangalia chini.

Vumbi. Kuku anajipiga mchanga katikati ya uwanja.

"Hapa pana unyevu," mtu mmoja akasema kule karibu na zizi.

"Huo ni wa mbuzi," mwingine akamjibu.

Mayala alizunguka uwanja wote, anainama, anagusa kwa kiganja, kama mtu aliyeangusha sindano. Hakuna aliyecheka bado. Ni vibaya kumwangalia mtu mzima anagusa vumbi hivyo. Mama Justina akamwambia jirani yake kwamba hata macho, kusema kweli, yanawasha kuliko jana. Kule chini lori la Hamimu likaanza kuunguruma.

Mayala akasimama. "Bwana amekataa," akasema, sauti imepungua. "Hatuuzi."

Luhende akakaa chini kwenye vumbi, akaweka kichwa kati ya magoti. Kijana mkubwa vile.

Philomena alikuwa mlangoni. Akafunga kanga vizuri, akaja mpaka katikati ya uwanja, mahali kila mtu anamwona.

"Bwana hajakataa, baba Luhende. Leo hajaja. Mgongo unamuuma."

Watu wakamwangalia.

"Ule umande wa jana ni mimi. Nilitia ndoo. Na mwanao akatia juu yake. Leo ningetaka tena, lakini uwanja mkubwa, na mto uko mbali, na mimi ni mmoja. Tungekuwa na mkwe wa kutusaidia kuchota, labda Mungu angefika."

Hapo ndipo kicheko kilipotoka, na hakikutoka kidogo. Yule mzee aliyeonja alikuwa anapiga fimbo chini, anasema, "Si nilisema mtoni? Si nilisema?" Mama Justina hakucheka. Philomena akamgeukia, akamwambia mbele ya wote, "Nisamehe, mama Justina. Yalikuwa maji ya vyombo. Jioni nitakupeleka zahanati mwenyewe." Halafu akamgeukia mume wake. Na yeye alikuwa hacheki.

"Nimekosa kumwigiza Mungu. Hilo nitaliungama nitakapoambiwa. Lakini wewe ulikuwa unamwambia aje kwa mlango wa nyuma tu, wakati kwenye mlango wa mbele kasimama tangu juzi."

Mayala akainama, akachukua pamba ya mkekani, akaigeuzageuza. Watu wakaanza kukohoa. Mwisho akauliza jambo moja tu.

"Hayo maji ulichota saa ngapi?"

"Ulipokuwa unakoroma unamngoja Bwana."

Mayala akavua koti. Akalikunja, akampa mke wake. Akaingia ndani akiwa ameinama, tukasikia mapamba yanaporomoka, akatoka na gunia kichwani. Akasimama mbele yetu.

"Mlikuja kuona muujiza," akasema. "Haupo. Basi bebeni."

Tukajaza magunia, tukabeba. Mimi mwenyewe nilibeba. Hata waliokuja na vikombe walibeba.

Njiani kuteremka gulioni Mayala alikuwa anatembea karibu na mke wake, gunia linamkunja shingo.

"Lile lori la kwanza," akasema, "moyo wangu ulikataa kweli, mama Luhende. Sikuigiza."

"Najua. Lile Bwana alikuambia wewe. Hili alituambia wote, mpaka mbuzi. Ndiyo maana hukusikia, umezoea kuambiwa peke yako."

Mayala akalishusha gunia kutoka kichwani. Akaliweka begani.

Hamimu alikuwa ameshafunga turubai nusu. Alipoona msafara ule unateremka, watu kama siafu, akalifungua tena bila kusema. Karani wa mizani akaanza kupokea. Huyu alikuwa kijana mkali, kazi yake kuingiza mkono kwenye kila gunia mpaka kwapani, maana siku hizo watu walikuwa wamejifunza kutia maji na mchanga ili pamba iwe nzito. La kwanza akaingiza mkono. Lilikuwa lile la baraka.

Akatoa mkono umelowa. Akashika ile pamba juu, imeanza kuwa ya njano na inanuka.

"Maji," akasema kwa sauti. "Mzee wa kanisa huyu. Maji."

Gulio lote likageuka. Ukikutwa na maji, pamba yako yote inakataliwa, gunia hadi gunia, na jina lako linasafiri mpaka mjini. Luhende alishika nguzo ya banda. Philomena akafungua mdomo, Mayala akamzuia kwa mkono.

Mimi nilikuwa karibu, niliuona uso wake. Angeweza kusema umande. Kuna watu pale hawakuwepo asubuhi, wangemwamini, maana alikuwa bado nabii kwao.

"Ni maji," akasema. "Ya mtoni. Yalitiwa nyumbani kwangu kwa sababu yangu."

Hamimu akasogea. "Ya kuongeza uzito, mzee wangu?"

"Hapana. Mzito nilikuwa mimi." Akamsimulia yote, Gideoni, mkeka, ndoo, kata, hakuruka kitu, na mbele ya watu. Hamimu akasikiliza, mdomo ameuziba kwa kofia, mabega yanatikisika. Lakini biashara ni biashara.

"Pekua yote," akamwambia karani. "Hadi la mwisho."

Karani akapekua. Mkono unaingia, unatoka mkavu. Unaingia, unatoka mkavu. Jua linapanda, Hamimu analiangalia kwa jicho moja kwa ajili ya swala yake. La mwisho likatoka jeupe, kavu kabisa.

"Safi," karani akasema, kama mtu aliyenyimwa. "Yote safi. Isipokuwa lile."

"Na lile je, mzee wangu?" Hamimu akauliza.

Mayala akalivuta lile gunia pembeni, akalimwaga juani, akalitandaza kwa mguu. Akapangusa mikono.

"Hilo liache," akasema. "Wakati wake haujafika."

Hamimu alishika nguzo ya mizani asianguke. Aliondoka kuelekea mjini anapiga honi, tukawa tunaisikia mpaka kule kwenye kona.

Ng'ombe walinunuliwa mnada wa Mwanhuzi, kengele ya mavuno haijapigwa. Athanasi aliwaswaga mpaka kwa mzee Mboje amevaa suruali mpya, Mayala nyuma yake. Wanasema yule bwana aliyefiwa alikuwa ameshafika kusalimia kuku, akawakuta ng'ombe wa Mayala mlangoni, akawasalimia nao akaenda zake. Mboje akawahesabu kwa macho, akamzunguka Mayala nyuma, akaangalia suruali yake. Haina pamba. "Sasa naona," akasema, akamkaribisha.

Ile pamba iliyobaki ilikauka ikawa fifi, pamba ya daraja la chini, ya njano, hata kwa bure hakuna wa kuichukua. Philomena akaichambua, akaishonea godoro, akalitandika kwenye kitanda cha maharusi, mahali palepale lilipokuwa lundo alilolalia Luhende. Siku Generoza alipoingia, Mayala akaombwa abariki. Akawaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, watoto wakalala wakaamka. Mwisho akaweka mkono juu ya godoro.

"Na mtoto, Bwana, uwape kwa wakati wako."

"Wakati wa hilo unajulikana, baba Luhende," Philomena akasema, macho bado ameyafumba. "Miezi tisa. Nisije nikakuta mkeka uani."